Moto wa Kumpokea Fusae

Nilinusa udi kabla sijavua viatu. Nikasimama pale mlangoni kwa Mzee Tsuruhata, begi begani, nikajiambia labda ni kwa jirani. Lakini upande mmoja wa nyumba yake ni shamba la vitunguu, na upande wa pili anakaa mama mmoja mfuga paka ambaye hajachoma udi tangu nimfahamu. Nikavitupa viatu vyangu palepale kizingitini, kimoja kikalala ubavu, nikaingia mbio.

Alikuwa amekaa mbele ya kabati la kuwakumbukia marehemu, lile jeusi lenye picha ya mkewe ndani. Kijiti cha udi kinafuka mbele yake, taratibu kabisa, na kwenye kona mashine ya oksijeni inanguruma. Mrija alikuwa ameutoa puani, sikatai. Ila ulikuwa unaning'inia shingoni, unamwagia oksijeni yote kwenye shati.

Nilizima mashine, nikakichomoa kile kijiti kwenye majivu, nikakizamisha kwenye kikombe cha chai kilichokuwa karibu, ndipo nikafungua mdomo.

"Mzee, unataka kufa?"

"Nina miaka themanini na mitatu. Hilo nalo swali?"

"Kufa utakufa, wote tutakufa. Nakuuliza kama unataka kuungua. Nimeimba wimbo huu tangu masika, oksijeni na moto havikai chumba kimoja. Shati lako hilo sasa hivi limelowa oksijeni. Cheche moja tu, tungekuokota kwa koleo."

"Mrija niliutoa."

"Uko shingoni."

Akapapasa shingo, akaukuta, akaushangaa kidogo. Kisha akakitazama kikombe.

"Hiyo chai ilikuwa ya Fusae," akasema.

Aibu ilinishika hadi masikioni. Ilikuwa chai aliyomtengea marehemu mkewe, na mimi nimeigeuza ndoo ya zimamoto. Nikaenda jikoni kutengeneza nyingine, huku nikiendelea kumfokea kutoka hukohuko, maana nikishaanza siwezi kuacha katikati. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa upole, "Na viatu vyako, mwalimu. Umevitupa tena. Fusae angekusema."

Kweli angenisema. Tena angevigeuza kwanza, ndipo aniseme.

Niseme mimi ni nani. Naitwa Iwakiri. Watu wakisikia fiziotherapia wanafikiria magoti na viuno, lakini mimi kazi yangu ni pumzi. Naweka mikono kwenye vifua vya watu, nawasaidia kutoa makohozi, nawafundisha kupanda ngazi bila kuzimia, ndiyo maana wananiita mwalimu. Mjini kwetu Chikuho kazi hii haiishi. Migodi ya makaa ilifungwa zamani, mabaki yake yakarundikwa yakawa vilima, na sasa vilima vyenyewe vimeota miti hadi watoto wa leo hudhani ni milima ya Mungu. Ila vumbi lile halikuondoka na migodi. Lilibaki vifuani mwa wazee wetu, na hao ndio ninaowazungukia majumbani na kigari changu cheupe.

Kwa Mzee Tsuruhata nimekuwa nikienda miaka mingi. Enzi hizo Fusae alikuwa hai, mfupi, magoti mabovu, mdomo mkali kuliko wangu. Kila nilipokuwa ndani nikimhangaikia mumewe, yeye alijikongoja mlangoni, akavigeuza viatu vyangu vitazame nje na kuvipanga sambamba, nikitoka nivae tu niende. Na kila mara alisema, "Huyu binti mama yake hakumfunza." Alifariki majira ya baridi, moyo ulisimama akiwa anakosha mchele. Masika yalipoingia, mapafu ya mzee nayo yakakata tamaa, daktari akaagiza mashine. Tangu hapo viatu vyangu nikitoka navikuta palepale vilipoangukia, na navivaa kinyumenyume huku nikishika ukuta. Nilijua nitamkosa Fusae. Sikujua nitamkosa kuanzia miguuni.

Jumapili iliyofuata nilikuwa Fukuoka kwenye mafunzo. Sisi watu wa fani hii hatuachwi tukatulia. Kila baada ya muda lazima urudi darasani, uonyeshe bado unajua kusikiliza kifua, ndipo wakuongezee muda wa cheti. Mimi huwa naenda nimenuna. Siku hiyo mwalimu wetu alikuwa kijana, kwa umri angeweza kuwa mwanangu, akatuambia kila mmoja amtaje mgonjwa mmoja na lengo lake. Zamu yangu ikafika.

"Nina mzee mmoja wa mgodini," nikasema. "Lengo lake, atembee hadi chooni na kurudi bila kuishiwa pumzi."

"Hilo lengo ni la nani?"

"La mgonjwa. Si nimesema."

"Alilisema yeye mwenyewe?"

Nikamtazama. Darasa zima likanitazama mimi. Nilitaka kumjibu kwamba nilianza kugusa vifua yeye akiwa bado ananyonya, lakini nikakumbuka kile kijiti cha udi, na chai. Nikasema, "Hapana. Sijawahi kumuuliza." Njia nzima ya kurudi, kwenye treni, nilimtukana yule kijana kimoyomoyo, na nilipofika kituoni kwetu nikawa nimeshakubali kwamba alisema kweli.

Basi safari iliyofuata nikakaa mbele ya mzee, nikamuuliza kama mtu anayeuliza bei ya samaki. "Mzee. Pumzi hii tunayoihangaikia, unaitakia nini?"

Akautazama mlango wa mbele.

"Nataka kuwasha moto," akasema.

"Ala. Tumeanza tena."

"Sikiliza kwanza. Wafu wakirudi mwaka huu, itakuwa Obon ya kwanza ya Fusae. Mtu anafanyiwa mara moja tu, huwezi ukasema mwakani. Jioni ya tarehe kumi na tatu mwezi wa nane atakuwa anarudi nyumbani, na mlangoni kwake kutakuwa giza. Mlango wa yule mama wa paka utakuwa na moto. Kila mlango utakuwa na moto isipokuwa kwangu. Atapita, mwalimu. Macho yake yenyewe hayakuwa mazuri."

"Na mwanao?"

"Nobuaki amesema kazi imembana kule Chiba. Atakuja tarehe kumi na tano."

Tarehe kumi na tano ndiyo siku ya kuwasindikiza wafu wakiondoka.

"Akaniambia ninunue taa ya betri," mzee akaendelea. "Eti ziko dukani, zinawakawaka kabisa kama moto. Nikamwambia mama yako alikuwa na mambo mengi lakini hakuwa mjinga."

Nilicheka, naye akacheka, kicheko kikamgeukia kikohozi, nikaweka mikono yangu mbavuni mwake na kuifuata pumzi ikitoka mpaka akatulia. Alipotulia akasema kitu ambacho kilinikosesha raha. Alisema, bila kunitisha wala nini, kwamba mimi nikikataa atawasha hivyohivyo, peke yake, na sitakuwepo kukagua mrija uko wapi.

Niliamini. Mtu aliyewasha udi na mrija shingoni atashindwa nini?

Nikaenda kwa daktari wake, Dakta Kusaba, mtu mwema lakini mwoga wa kuandikiwa barua za malalamiko. Alinisikiliza huku anazungusha kalamu.

"Mama Iwakiri, unaniomba ruhusa ya mgonjwa wa oksijeni kuwasha moto?"

"Nakuomba ruhusa akae bila oksijeni kwa dakika chache, nje ya nyumba, mashine imezimwa, shati amebadilisha, mimi niko pembeni na ndoo ya maji. Akitulia anaweza, tumeshampima. Moto atauwasha hata ukikataa. Tofauti ni kama nitakuwepo."

"Mwanawe hawezi?"

"Mwanawe anakuja siku ya kuaga."

Dakta Kusaba naye ana wafu wake. Kalamu ikasimama. Akasema sawa, lakini kipimo cha oksijeni kiwe kidoleni muda wote, na kikifika asilimia themanini na tano moto unazimwa palepale, awe amefika au hajafika. Nilitaka kumuuliza awe amefika nani, lakini nilimwelewa.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kukaa bila oksijeni mzee aliweza. Kilichomshinda ni kuchutama. Nilimwambia atumie kigoda akakataa katakata, kwamba mke hapokelewi na mtu aliyekaa. Tukapatana achutame wakati wa kuwasha, kisha akae. Nikamwambia hebu tujaribu. Akachutama, na akiwa chini uso ukageuka rangi ya majivu, kipimo kikaporomoka, nikamnyanyua kwa nguvu zangu zote.

Mara ya pili nilitazama kifua badala ya uso, nikaona. Anapoinama anabana pumzi. Anavuta, anafunga mdomo, anashuka, anakaa kule chini kimya kabisa, na hapumui mpaka arudi juu.

"Kwa nini unabana?"

"Nabana nini?"

"Pumzi. Ukiinama unabana pumzi."

Akashangaa. Akainama tena kidogo ajichunguze, akasema, "Ee, kweli. Ni ya mgodini hiyo. Vumbi linalala chini, mwalimu. Ukiinama kule bila kubana unalimeza lote. Tulifundishwa siku ya kwanza kabisa, na asiyejua alipigwa kofi la mgongo."

Baba yangu alikuwa mtu wa mgodini. Alikufa nikiwa bado shule, kwa mapafu hayahaya, na wakati huo mjini kwetu hakukuwa na mtu wa kazi yangu hata mmoja. Ninachokumbuka ni jinsi alivyokuwa akifunga kamba za viatu asubuhi. Aliinama kimya, akakaa kule chini muda mrefu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na akiinuka alikuwa hoi, anashika ukuta. Tulidhani ni uzee. Hakuwa amefika hata hamsini. Alikuwa anabana pumzi asimeze vumbi, kwenye sakafu ambayo mama alikuwa ameipiga deki. Ningetoa chochote nirudi asubuhi moja tu kati ya zile, nimshike mgongo, nimwambie baba, hapa hakuna vumbi, pumua.

Nilimwambia Mzee Tsuruhata badala yake.

"Hapa hakuna vumbi, Mzee. Toa pumzi, ndipo uiname. Usisubiri ufike chini. Midomo ibane kidogo, kama unapooza supu, halafu pumzi itoke ndefu, na wewe ushuke nayo."

"Mwili haukubali."

"Utakubali. Hata mgodi uliukubali."

Ilituchukua kiangazi chote. Nilimwekea kipande cha karatasi laini mbele ya midomo, akakipuliza kicheze bila kuruka, pumzi ndefu, nyembamba, isiyokatika. Halafu akakipuliza huku anashuka. Siku nyingine alisahau akabana, nikampiga kofi dogo la mgongo kama walivyompiga kule, akanitukana kwa matusi ya mgodini ambayo nilikuwa sijayasikia tangu baba afariki. Nilimwomba ayarudie. Akakataa, eti mimi ni mwalimu.

Tukipumzika alinisimulia habari za Fusae. Kwamba kifua chake yeye mzee, kila akilala, hupiga mluzi, nami naujua mluzi ule, nimeusikia kwa kipimo cha masikioni na bila hicho. Wageni walikuwa hawapati usingizi nyumba ile. Fusae yeye alikuwa hapati usingizi bila huo mluzi. Mwaka ambao mzee alilazwa kwa homa ya mapafu, Fusae alipiga simu wodini akamwomba muuguzi amshikie mkonga wa simu kwenye kifua cha mumewe kidogo tu, apate kulala. Muuguzi alidhani ni mlevi. Kesho yake Fusae alifika hospitali na treni ya kwanza, akakaa kwenye kiti cha wageni, mluzi ukaanza, akalala pale mdomo wazi hadi saa ya chakula.

"Sasa mimi ndiye nisiyelala," mzee akasema. "Napiga mluzi, hakuna wa kuusikia."

Nilimwambia tuendelee na mazoezi.

Tarehe kumi na tatu mvua ilinyesha asubuhi. Mchana likatoka jua la kuchemsha, na kufikia jioni ardhi ilikuwa inafuka mvuke. Nilimsogeza mzee awe wa mwisho kwenye ziara zangu za siku hiyo. Nikamkuta amenyoa, amevaa vizuri, na kandili nyeupe ya Obon ya kwanza inaning'inia chini ya paa. Hiyo alitundikiwa na yule mama wa paka. Nikazima mashine. Tukamvua shati akavaa jingine lililokuwa limeanikwa nje, tukapitisha hewa, milango yote wazi, tukasubiri. Nilikagua shingo yake kwa vidole vyangu, akanitazama kwa dharau.

Mikono yangu ilikuwa imejaa, ndoo huku, kigoda huku, begi begani, nikatumbukiza miguu kwenye kandambili za bustani za mzee nikatoka nazo hivyohivyo. Yeye akanifuata na sahani ya udongo, vijiti vya Obon, na kiberiti. Barabara nzima watu walikuwa wameshaanza. Mioto midogo midogo kwenye kila lango, na moshi wake ule mwembamba ambao ukishaunusa utotoni haukutoki.

"Toa pumzi," nikasema.

Akatoa pumzi, akashuka nayo, taratibu, akafika chini akiwa anapumua. Nilitaka kumpigia makofi. Akavipanga vijiti kwenye sahani, akawasha kiberiti.

Havikuwaka. Vilitoa moshi mzito wa kijivu, ncha zikawa nyekundu kidogo, zikazima. Akawasha kingine. Vivyo hivyo.

"Ulivinunua lini?" nikauliza.

"Mwezi wa sita."

"Na ukaviweka wapi?"

"Chini ya sinki," akasema.

Mwezi wa sita ndio mwezi wetu wa mvua, ukuta wenyewe huota ukungu. Alikuwa na hamu sana akawahi kununua, na akavitunza mahali penye unyevu kuliko pote ndani ya nyumba. Sikumfokea. Naapa hata hamu ya kumfokea sikuwa nayo.

Akachukua pepeo la karatasi akaanza kupepea. Moto wa wafu haupulizwi kwa mdomo, hilo kwetu hata mtoto anayetambaa analijua. Pumzi ya aliye hai ni chafu, mishumaa ya kabatini inazimwa kwa mkono, na moto wa mlangoni unapepewa. Lakini mkono ukiinuka na kushuka unakula pumzi kuliko miguu, na hilo ndilo jambo moja ambalo sikuwa nimemfanyisha mazoezi. Nilimwandaa kuwasha. Kupepea sikukuwaza. Alipepea kidogo tu mabega yakaanza kupanda masikioni. Kipimo kikasoma tisini, kikasoma themanini na tisa.

"Nipe mimi," nikasema, nikanyoosha mkono.

"Hapana."

"Mzee, nipe nipepee. Moto ni moto."

"Mkono wako Fusae haujui."

Akaliweka pepeo chini. Nikadhani amekata tamaa, nikainua ndoo. Naye akabana midomo, akainama hadi usoni pa vile vijiti, akapuliza.

"Mzee. Mdomo."

Hakuacha. Ilikuwa pumzi ileile ya kiangazi kizima, ndefu, nyembamba, haikukatika wala kuruka, na ndani yake nikausikia ule mluzi. Ncha zikawa nyekundu. Akavuta hewa, akapuliza tena. Mama wa paka, langoni pake, alitutazama kisha akageuza uso kwa adabu.

"Pumzi yangu ni chafu, najua," mzee akasema kati ya pumzi na pumzi. "Ina makaa. Lakini hiyo ndiyo anayoijua. Asipoisikia atajuaje ni kwetu?"

Vijiti vikawaka. Moto ukapanda wima, mdogo, wa manjano, ukamulika kidevu chake kilichonyolewa. Nikamshika kwapa nikamketisha kwenye kigoda, na safari hii hakubisha. Themanini na nane.

Tukautazama. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, mkono wangu mgongoni pake kwa mazoea ya kazi, nauhisi mluzi unavyopita chini ya kiganja. Themanini na saba.

"Wewe umewasha kwenu?" akaniuliza.

"Nakaa ghorofani. Hawaruhusu moto."

"Baba yako alikuwa mtu wa mgodini, ulisema."

"Ndiyo."

"Basi njia ni hiihii, hakuna nyingine. Moto huu unatosha. Mwambie naye apite."

"Usiongee, Mzee. Unamaliza pumzi."

Lakini nilimwambia. Nilimwambia kimoyomoyo, nikiwa nimekaza macho kwenye kipimo. Themanini na sita.

"Tuzime," nikasema.

"Bado kidogo."

"Tulikubaliana."

"Bado hajafika. Magoti yake, umesahau? Mpe muda apande huo mteremko."

Nikampa muda. Nilishika ndoo kwa mkono mmoja na mgongo wake kwa mwingine, na kama Dakta Kusaba angeniona pale cheti changu kisingefika kwenye mafunzo mengine. Moto ulikuwa umeanza kushuka wenyewe. Barabara ilikuwa kimya. Kipimo kikasoma themanini na tano, nikafungua mdomo, lakini mzee alikuwa ameshachota maji kwenye ndoo kwa kiganja chake. Akayamwaga juu ya sahani, kidogo kidogo, mpaka sauti ya kuchemka ikaisha.

"Ameingia?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Ameingia."

"Umejuaje?"

"Kwani husikii? Analalamikia viatu vyako."

Nilimwacha na kipimo chake, nikaenda ndani kuwasha mashine na kumletea mrija. Pale kizingitini viatu vyangu vilikuwa palepale nilipovitupa, kimoja kimelala ubavu. Nikatoa pumzi, ndipo nikainama. Nikavigeuza vitazame nje, nikavipanga sambamba, kisha nikavisogeza pembeni kidogo, wengine walioingia jioni ile nao wapate pa kuweka vyao.